Perege wa Mtera wapo Kimara, nimeshakula pale mara sita, haya ndo maoni yangu

Sie tuliokulia Dar Mtera, lile bwawa la umeme kati ya Iringa na Dodoma, tuliijua kwa namba tu. Wa rika langu mnakumbuka, saa mbili usiku redio ya betri imewekwa mezani, mtangazaji anasema kina cha maji katika bwawa la Mtera kimeshuka mpaka mita kadhaa juu ya usawa wa bahari, baba anaguna, mama anainuka kimya kimya kutafuta mshumaa. Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha kwanza, mgawo wa umeme wa mwaka ule siwezi kuusahau, tulikuwa tunasoma kwa kibatari afu asubuhi unapenga kamasi nyeusi. Kwa hiyo neno Mtera kwangu lilikuwa na maana ya giza, basi, sikuwahi hata kujiuliza kama kuna watu wanaishi huko, wana shule, wana soko, wanaoa na kuolewa.

Sasa mwezi wa tatu mwaka huu jamaa mmoja kazini akaniambia kuna mama Kimara anakaanga perege wa Mtera, wa kwao kabisa, sio hawa wa kufugwa na sio sato wa Mwanza. Nikaenda. Nimerudi mara tano zaidi, na naandika kwa sababu nataka na nyie mwende, yule mama anastahili wateja na wengi wanapita pale njiani hawajui kilichopo.

Kufika ni rahisi, ukishuka mwendokasi Kimara Mwisho unarudi kwa miguu upande wa kushoto kama unaelekea mjini, unaingia njia ya vumbi ya pili, kama dakika nne tu utaanza kusikia harufu. Hakuna bango. Ni kibanda cha mabati kimepakwa rangi ya bluu, meza tano, viti vya plastiki, na nje kuna majiko mawili ya mkaa na karai kubwa. Ukiuliza kwa mama wa Mtera hata bodaboda anakupeleka.

Nianze na samaki maana ndo kilichonipeleka. Mara ya kwanza niliagiza perege wa kukaanga saizi ya kati na ugali wa mtama. Niliwahi kidogo, hivo nikakaa karibu na pale anapotengenezea, na nikaangalia kila kitu. Anampaa samaki magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani, anafungua tumbo, anatoa matumbo na matamvua, afu anafanya kitu ambacho sijaona mtu mwingine anafanya hapa mjini, anaingiza kidole gumba ndani ya tumbo na ncha ya kisu na kukwangua ule utando mweusi mpaka nyama inabaki nyeupe tupu. Nikamuuliza, mama mbona unahangaika na hilo, wengine wanasuuza tu wanakaanga. Akasema, "Mwanangu, ule weusi ndo uchungu wenyewe, na ile harufu ya tope watu wanayoisema iko humo humo, ukiuacha usimlaumu samaki." Baada ya hapo anachanja mistari mitatu kila upande, anapaka chumvi, ndimu na tangawizi iliyotwangwa, anamwacha kwenye beseni kama nusu saa. Hakuna unga wala binzari ya kumpaka rangi. Anaingia kwenye mafuta yakiwa ya moto kweli kweli, anageuzwa mara moja tu.

Anapokuja mezani ngozi imekauka inapasuka ukiigusa kwa kidole, ndani nyama ina maji yake, inaachia mfupa yenyewe bila kuvutwa. Nyama yake imeshikamana, sio laini laini kama ya samaki aliyekaa kwenye friza miezi, na kuna utamu fulani nyuma ya chumvi ambao kwakweli sikuutegemea kwa samaki wa maji baridi. Mi ni mtu wa changu na kibua, nimekulia Magomeni, samaki wa maji baridi nilikuwa nawaona wa kulazimishwa tu. Hawa wamenibadilisha. Kachumbari inakuja pembeni na pilipili ya kuponda ambayo ni kali, onja kwanza kabla hujamwaga.

Ila kama unataka kula kile wanachokula wao wenyewe usiagize perege, agiza kambale wa kubanika na mlenda. Mlenda wa pale ni ule wa unga, majani yamekaushwa yakatwangwa, anaupika na karanga, unavutika vizuri na hauna ule utelezi wa bamia unaowakera watu. Kambale anakuwa amebanikwa huko huko Mtera kwenye moshi, akifika Dar analowekwa, anachambuliwa miba, anapikwa na nyanya na kitunguu kidogo. Moshi unausikia mpaka kwenye ugali. Wagogo wanajua hiki chakula, na mtu wa pwani akikaa nacho mara mbili atakielewa. Juisi ya ubuyu nayo ni nzito, ubuyu unatoka njia ile ile ya kwao, huko mibuyu imejaa.

Bei: perege mkubwa elfu kumi na mbili, wa kati elfu nane, kambale na mlenda elfu saba pamoja na ugali, juisi buku. Sio bei ya mama ntilie wa kawaida najua, lakini jumlisha njia aliyopita huyo samaki. Anavuliwa usiku, asubuhi anapangwa kwenye ndoo na barafu, anapelekwa Iringa kama kilomita 120, analala huko, kesho yake anapanda basi la Dar, jioni mama au kijana wake anampokea stendi ya Magufuli pale Mbezi. Mzigo unaingia Jumanne na Ijumaa. Kwa hiyo ukitaka samaki katika ubora wake nenda Jumanne usiku, Jumatano, Ijumaa usiku au Jumamosi. Jumatatu usihangaike, amefunga.

Niseme na hili maana ndo lililonifanya nimwamini. Kabla ya mara yangu ya tatu, siku ya Ijumaa, basi lililobeba mzigo likaharibika njiani, likaingia usiku wa manane. Jumamosi mchana nimefika na wageni wawili nimewasifia njia nzima, mama ananiambia samaki hakuna. Nikachungulia naona ndoo mbili zimejaa. Akaniita kando, akafunua moja, akashika samaki akamfungua matamvua, yalikuwa kahawia yanaelekea kijivu badala ya kuwa mekundu. Akasema hawa siwapi watu. Akawamwaga wote, ndoo mbili nzima, pesa yake. Siku ile alipika sato alionunua soko la samaki Feri asubuhi, na kila aliyeingia alimwambia kabla hajakaa, "Leo sio wa Mtera, ni wa Mwanza, bei elfu sita." Watu wawili wakaondoka, yeye akawashukuru tu. Mjini hapa samaki wa popote anaweza kuitwa jina lolote, na angetuuzia wala tusingejua.

Sasa kuhusu hiyo Mtera yenyewe, maana pale kibandani huwezi kula ukakwepa habari zake. Ukutani kuna picha moja ya zamani, imefifia, imewekewa nailoni juu, wanaume kama kumi na tano wamesimama kwenye kifusi na kofia ngumu, nyuma yao nyumba za mabati zimepangwa mstari. Wa tatu kutoka kulia ni baba yake mama. Alitoka Songea katikati ya miaka ya 70 kufuata kibarua cha bwawa, mke akamfuata na mtoto wa miaka minne mgongoni, huyo mtoto ndo anakukaangia perege leo. Mama yake alianza kwa kuuza uji na chapati kwa vibarua wanaotoka zamu ya usiku. Anasema kambi ilikuwa na watu wa kila kabila, Wahehe na Wagogo wenyeji, Wabena, Wangoni, Wanyakyusa, na watoto wote walijikuta wanaongea Kiswahili tu kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kuelewana na jirani. Mpaka leo yeye hasemi "nyumbani", anasema "kambini". Nilidhani anazungumzia jeshi.

Jumamosi huwa anakuja mzee mmoja anakaa meza ya pembeni karibu na mlango, naye alikuwa kambini kipindi hicho. Nilimsalimia shikamoo nikaomba kukaa naye, na kwa saa nzima kanifundisha vitu ambavyo miaka yote ya kusikia kina cha maji hakuna aliyewahi kunieleza. Kwamba Mtera mwanzo haikujengwa kwa ajili ya kuzalisha umeme pale pale. Ilijengwa kuwa tangi. Kituo cha umeme cha Kidatu, huko chini ya mto, kilikuwa kimeshaanza kuzalisha mwaka 1975, lakini mto Ruaha Mkuu kiangazi unanywea, mitambo inabaki bila maji, kwa hiyo ikabidi huku juu pajengwe bwawa la kutunza maji ya masika ili kiangazi yafunguliwe kidogo kidogo yashuke Kidatu. Mitambo ya Mtera kwenyewe, megawati 80, ilikuja kuanza mwaka 1988. Ukuta una urefu wa mita 260 hivi na kimo cha mita 45, ukilinganisha na maji unayozuia ni mdogo, kwa sababu nyuma yake ardhi ni tambarare, maji yakijaa yanatanda kama kilomita 56 kwa urefu. Ile namba ya redioni nayo akanifafanulia, bwawa likijaa kabisa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na 690 ndo mwisho wa kuzalisha umeme. Mita nane na nusu. Yaani utoto wangu wote wa mishumaa ulikuwa unapanda na kushuka ndani ya mita nane na nusu, kama ghorofa mbili na nusu hivi.

Afu akanionyesha taa iliyokuwa inaning'inia juu ya karai. Akasema maji yanayozungusha Mtera hayajamaliza kazi, yanashuka na Ruaha mpaka Kidatu yanazungusha megawati 204, yanaendelea yanaingia Rufiji, na sasa hivi yanapita tena bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 na mitambo tisa. Maji hayo hayo, mara tatu. Aliongea kwa taratibu, anachora mto kwa maji ya glasi juu ya meza, na mi nilikuwa nimeacha kula. Nimemaliza shule, nimemaliza chuo, na hakuna siku mtu alinichorea mto Ruaha kwa kidole namna ile.

Nikamuuliza mama kuhusu 2006, kwenu ilikuwaje wakati sisi tuko gizani. Akaacha mwiko. Akasema mwanzoni watu walifurahi, maji yalivyorudi nyuma samaki walibanana, mvuvi anatupa nyavu mara moja anajaza mtumbwi, wengine wakalima mahindi kwenye tope lililobaki wazi, na yakastawi. Baada ya hapo samaki wakaanza kuwa wadogo wadogo, wa kiganja, watu wakaingiza makokoro wakazoa mpaka vitoto, na mwisho mitumbwi ikapumzika kabisa. Vijana wengi wakaondoka kipindi kile kuja Iringa, Dodoma na huku Dar. Yeye mwenyewe aliondoka hivo hivo. Ndo maana hanunui perege mdogo kuliko kiganja chake, kijana wa kule akimtumia wadogo anampigia simu hapo hapo na mzigo unaofuata bei inashuka. Nimemsikia akipiga hiyo simu, hana masihara.

Kilichonishangaza zaidi ni watu. Jumamosi jioni zile meza tano zinajaa watu ambao ukiwaangalia huwezi kujua wana uhusiano gani, dereva wa bajaji, mwalimu mmoja, dada anayefanya kazi hospitali, mzee wangu yule, na wote ukichunguza ni watoto au wajukuu wa kambini. Wanaulizana habari za nyumba za mabati zipi zimebaki, nani kazikwa, bei ya ndoo ya samaki gulioni. Kambi ilitakiwa iishe mkandarasi akimaliza kazi, ndivyo kambi zilivyo, watu wanalipwa wanarudi kwao, ila hawa hawakuwa tena na kwao kwingine. Wakabaki, ukawa mji, mdogo, wa barabara moja na samaki, na sasa una hadi tawi lake Kimara.

Mwezi wa sita nilipata safari ya kikazi Dodoma nikaamua kushukia Iringa ili nipite Mtera. Basi linakatiza pale pale bwawani, upande mmoja maji mpaka macho yanaishia na miti mikavu imesimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, upande wa pili unaona bonde na mawe. Kondakta akatuonya hakuna kupiga picha. Tulisimama dakika kumi tu, wakaja kina mama na beseni vichwani, nikanunua perege wa kukaanga dirishani. Mtamu, ametoka majini karibuni zaidi kuliko wa Kimara kwa kweli, lakini alikuwa na uchungu kidogo tumboni, hakuwa amekwanguliwa ule utando. Nilimwambia mama nilivyorudi, alicheka kwa furaha akaita watu wasikie.

Mapungufu yapo, siwafichi. Kusubiri ni kurefu, Jumamosi nimewahi kukaa dakika hamsini, kama una njaa kali kula kitu kwanza. Meza chache, mtaungana na msiowajua. Malipo ni keshi au simu, kadi hakuna. Mvua ikinyesha ile njia inakuwa tope zito, vaeni viatu vya maana, na kibanda kinavuja upande wa meza ya nyuma, nimemwambia kijana wake akasema wanatafuta bati. Kuletewa kwa bodaboda sikushauri kabisa, niliagiza mara moja nyumbani Tabata, samaki alifika amelainika kwa mvuke wa foili, ile ngozi yote imepotea, haikuwa kosa lao ila huyo samaki anataka aliwe pale pale jikoni. Choo ni cha jirani, omba ufunguo.

Nikipewa nafasi ya kushauri jambo moja ningemwambia aandike tu kwenye kibao kila siku samaki wametoka wapi, kwa sababu anavyosema kwa mdomo mteja wa kwanza anasikia, wa ishirini hasikii, na ukweli wake huo ndo biashara yake.

Kichwa cha perege mkubwa kinauzwa peke yake na supu, elfu tatu, huwa vinaisha kabla ya saa moja usiku, mpigie mapema akuwekee, namba ataitoa mwenyewe ukifika. Ijumaa iliyopita nilipata cha mwisho. Nikiwa nakinyonya kijana akaingia na ndoo kutoka Mbezi, hajaitua hata chini, yule mzee kaacha ugali anamuuliza, "Maji vipi huko?" Kijana akajibu wamemwambia yamepanda yamefika kwenye miti. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama akaongeza mkaa.